TAHADHARI: "Ruzuku ya wasanii chipukizi" inayozunguka Lamu ni utapeli. Mimi nimeliwa 13,550

Assalam alaykum ndugu zangu wa Amu, Shela, Matondoni, Pate na Malindi. Naandika haya nikiwa na haya usoni, lakini nikinyamaza wataliwa wengine. Mimi ni mchonga milango. Nimekaa miaka sita kwenye karakana ya mjomba wangu huku Langoni, na mwaka huu ndio nimeanza kuchukua oda zangu mwenyewe. Yaani mimi ndiye yule "msanii chipukizi" ambaye ile barua inamtafuta.

Ilikuja kwa WhatsApp. Barua nzuri, ina nembo, imeandikwa kwa Kiingereza cha ofisini na chini yake Kiswahili. Inasema kuna wakfu wenye makao yake Uswisi unaotoa ruzuku ya shilingi 450,000 kwa wasanii wanaoanza: wachongaji, wachoraji, wasusi wa mikeka, washona kofia, washairi, wanamuziki, wapiga picha, hata wale vijana wa filamu fupi. Kila fani ina mlango wake. Ukisoma unaona kama mtu amekaa barazani na sisi akatuhesabu mmoja mmoja.

Nikajaza fomu. Walitaka jina, picha ya kitambulisho mbele na nyuma, namba ya KRA (mamlaka ya kodi), na picha kumi za kazi zangu "zenye ubora wa juu kabisa". Hapo sikushtuka, kwa sababu mfadhili wa kweli naye huomba picha za kazi. Siku nne baadaye simu ikalia. Mama mmoja, sauti ya upole, nyuma yake nasikia watu wakichapa na kiyoyozi kikivuma. "Hongera fundi, umepita." Aliniambia jopo limevutiwa na namna nilivyochonga mfaa, yaani ule mti wa katikati ya mbao mbili, wa ule mlango wa mbambakofi. Mfaa! Mtu wa bara anayejua kuita mfaa kwa jina lake. Nawaambia ukweli, hapo ndipo walipomaliza kazi. Sijawahi kusifiwa hivyo hata na mjomba, ambaye sifa yake kubwa ni kutosema kitu.

Kisha ada zikaanza. Kwanza 1,850 ya usajili wa mshindi. Nikatuma. Jina lililotokea kwenye M-Pesa kabla sijaweka namba ya siri lilikuwa la mtu binafsi, si la wakfu wala la ofisi. Nikauliza. Nikajibiwa kwamba huyo ndiye mhasibu wao wa kanda ya Pwani, laini ya ofisi inashughulikiwa. Nikaridhika. Wiki ile ile ikaja 4,500 ya "bima ya kazi za sanaa". Halafu 7,200 ya kodi, eti KRA haiwezi kuachilia pesa kabla kodi haijalipwa. Hiyo ya tatu nilikopa nusu Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa, na nusu kwa rafiki.

Mjomba alinikuta nimeinamia simu akaniuliza, "Yana umetuma, yeo wataka utume tena? Hawa wakupa au wakutoza?" Nilimjibu vibaya, Mungu anisamehe. Nilimwambia mambo ya mtandaoni hayajui.

Ngoja niseme hapa jambo la kodi, kwa sababu ndilo limewanasa wengi. Kodi ya zuio hukatwa na yule anayelipa, kutoka kwenye pesa zenyewe, kabla hazijakufikia. Ukiwa na haki ya 100 na kodi ni 5, unapokea 95. Hakuna mahali ambapo mpokeaji anatangulia kutuma kodi kwa M-Pesa ya mtu ili pesa zake "ziachiliwe". Mtu akikwambia hivyo, kata simu.

Baada ya malipo ya tatu wakanitia kwenye kundi la WhatsApp la washindi. Wanaoweza kuandika humo ni wasimamizi peke yao na "washindi" wachache. Kila asubuhi mmoja anaweka skrinshoti ya ujumbe wa M-Pesa: umepokea Ksh 450,000. Chini yake: "Alhamdulillahi zimeingia, asanteni." Mwingine kesho, maneno yale yale, hata nukta zimekaa pale pale. Nilipeleka simu kwa wakala wa M-Pesa aliye karibu na gati, kijana mtulivu sana, nimuulize mbona zangu zinachelewa. Akaitazama ile skrinshoti kidogo tu, akacheka. Akaniambia M-Pesa haipitishi zaidi ya 250,000 kwa muamala mmoja, na akaunti nzima haibebi zaidi ya 500,000. Ujumbe mmoja wa 450,000 hauwezi kuwako. Yaani hawakujisumbua hata kutengeneza uongo wa miamala miwili.

Niliketi pale kwenye ukuta wa bahari mpaka magharibi.

Nikarudi nikaisoma ile barua upya, sasa kwa jicho lingine. Anwani ya baruapepe ni ile ya bure ambayo yeyote anafungua kwa dakika mbili. Muhuri wa usajili una tarehe ya mwaka huu lakini una jina la ile bodi ya zamani ya NGO. Sheria ya mashirika ya manufaa ya umma, iliyopitishwa 2013, ilianza kutumika tarehe 14 Mei 2024, na bodi ile ikawa mamlaka yenye jina jingine. Muhuri wa mwaka huu wenye jina la juzi umegongwa kwenye kompyuta ya mtu chumbani. Na hapa Kenya unaweza kuiuliza mamlaka hiyo kama shirika fulani limesajiliwa. Sikuuliza kwa sababu sikutaka kujibiwa hapana.

Nilijaribu kurudisha pesa. Ukituma kwa makosa, unapeleka ule ujumbe wa muamala kwa namba 456 ya Safaricom, wenye M-Pesa, lakini kama mpokeaji ameshazitoa hakuna cha kurudisha. Zangu zilikuwa zimetolewa ndani ya dakika chache, mara zote tatu. Namba zao nimezipeleka 333, ambako Safaricom hupokea taarifa za utapeli bila malipo. Polisi nimeripoti, nimepewa namba ya OB, yaani ya kitabu chao cha matukio. Wengine mliotuma, mripoti pia hata kama ni 1,850 tu. Mtu mmoja akilalamika ni mzembe, tukiwa kumi ni kesi. Kuna Sheria ya Makosa ya Kompyuta na Mtandao ya 2018 inayogusa mambo haya moja kwa moja.

Sasa lile linalonikera kuliko pesa. Mwezi mmoja baadaye binamu yangu wa Mombasa akanitumia ukurasa unaouza "milango halisi ya Lamu", tuma amana nusu, tunakuletea popote. Picha ya tatu ni mlango wangu. Naujua kwa sababu siku niliyoupiga picha punda wa jirani alipitisha kichwa, na sikio lake limebaki kwenye kona ya chini. Hawakulikata hata sikio la punda! Kwa hiyo kuna mtu mahali fulani ametuma amana ya mlango ambao uko Shela, umeshatiwa kwenye nyumba ya wenyewe, na siku akitambua ameibiwa atasema watu wa Lamu ni wezi. Dada mmoja wa Matondoni amekuta mikeka yake huko huko. Mama mmoja wa Mkomani, ambaye kofia moja ya mkono humchukua miezi, ameona kofia zake zikiuzwa kwa bei isiyolipa hata uzi.

Ndiyo maana walitaka picha za ubora wa juu. Ada zile ni chai. Mali yenyewe ni picha na vitambulisho vyetu. Mkiwa mmetuma kitambulisho, bonyezeni *106# muone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa jina lenu. Mimi nilikuta moja nisiyoijua, nikaenda kuifungisha. Na kuanzia sasa picha ya kazi ukimtumia mtu usiyemjua, punguza ukubwa wake na uandike jina lako katikati ya picha, si pembeni. Pembeni hukatwa. (Isipokuwa kuna punda, inavyoonekana.)

Wengine wananiuliza, basi ruzuku zote ni uongo? La. Msije mkaacha kuomba kwa sababu yangu. Baada ya haya nilikaa na kijana mmoja mshairi ambaye ameshawahi kuomba sehemu nyingi na kukataliwa nyingi, akanionyesha za kweli zilivyo, na tofauti ni kama mchana na usiku.

Prince Claus Fund wa Amsterdam, ulioanzishwa 1996, una tuzo yao ya wanaoanza, Seed Awards, euro 5,000 kwa msanii mmoja. Inapokea fani nyingi. Mwito ukitoka huwekwa kwenye tovuti yao kila mtu auone, kuomba ni bure. Elizabeth Greenshields Foundation wa Montreal, Canada, uko tangu 1955, unasaidia wanaoanza katika uchoraji na uchongaji wa maumbo yanayotambulika, na hawataki senti ya maombi. Hawa hawakutafuti kwa WhatsApp. Wewe ndiye unawatafuta, unaandika maelezo ya kazi yako mpaka kichwa kinauma, unangoja miezi, na mara nyingi jibu ni hapana. Kijana yule anasema ukipata jibu la siku nne ujue hakuna jopo, kuna mtu mmoja na simu mbili.

Jambo jingine alilonifunza: mfadhili wa kweli hutaja waziwazi ni nani asiyehusika. Jerome Foundation ya Marekani, kwa mfano, inasaidia wasanii wanaoanza wa dansi, filamu, fasihi, muziki, tamthilia na sanaa za kuonwa, lakini ni wakazi wa Minnesota na jiji la New York tu. Ukikaa Langoni, haikuhusu, basi. Kwa hiyo ukipokea barua yenye jina la taasisi kubwa ya huko ikisema umeshinda, fungua tovuti ya taasisi yenyewe kwa kuandika jina mwenyewe, si kwa kubonyeza kiungo ulicholetewa, usome kama mtu wa Lamu anaruhusiwa kuomba. Ile yetu haikumzuia yeyote. Mzee, mtoto, mwenye fani, asiye na fani. Jirani yangu muuza maji aliomba kwa utani akaambiwa amepita fani ya ufinyanzi. Sisi tulicheka. Tungefikiri badala ya kucheka.

Kuna jambo niliseme kwa haki. Yako mashindano ya kweli, hasa ya picha na filamu, yanayotoza ada ya kuingia. Lakini ada hiyo imeandikwa tangu siku ya kwanza, kila mmoja analipa sawa kabla ya kazi kuangaliwa, na huilipi kwa namba ya mhasibu wa kanda. Ada inayozaliwa baada ya kuambiwa umeshinda, halafu inazaa nyingine, hiyo si ada.

Na wakikupigia, kuna maswali mawili yaliyowashinda tulipowajaribu sisi tulioliwa. Tulimwambia yule mama: kateni ada zote kwenye zile 450,000, mtutumie kinachobaki. Akasema mfumo hauruhusu. Tukamwambia tutakuja ofisini Mombasa Jumatatu tulipe taslimu, atupe jengo na ghorofa. Akakata. Tangu hapo tumetolewa kwenye kundi wote waliouliza.

Mpaka leo tuliojitokeza ni tisa, na najua wako wengine wanaoona haya, hasa kina mama waliotuma pesa za chama. Dada zangu, hakuna atakayewacheka. Mimi niliyesifiwa mfaa nikaliwa nimeshatangulia kuchekwa na Langoni nzima, nafasi hiyo imejaa.

Juzi usiku rafiki yangu mchoraji wa Malindi amenitumia barua aliyoletewa. Ni ile ile. Nembo imegeuzwa rangi, palipoandikwa Lamu pameandikwa Malindi, na ada ya usajili imepanda kuwa 2,500. Alikuwa ameshaandika namba kwenye simu, amebakisha kuweka siri. Hakutuma. Ikikufikia na wewe, piga picha ya barua na ya jina linalotokea kwenye M-Pesa kabla ya kuthibitisha, usithibitishe, uniletee inboksi. Tunazikusanya zote tuzipeleke kwa yule afisa aliyetupa OB, na safari hii mjomba amesema atakuja nasi.