Abamektini dhidi ya utitiri wekundu: uzoefu wangu kwenye nyanya na biringanya

Dawa hii inaua utitiri, hilo sina ubishi nalo. Ninayotumia ni ile yenye gramu 18 za abamektini ndani ya kila lita ya dawa, kabla ya kuchanganywa na maji. Ila usitegemee kuona wanapukutika siku hiyo hiyo: hupooza kwanza, wakaacha kufyonza, ndipo wakafa siku chache baadaye. Na usipime kwa rangi ya majani, maana jani likishapata vidoadoa vya njano halirudi kijani hata dawa iwe kali vipi. Mimi nakung'uta majani juu ya karatasi nyeupe, natulia, natazama. Kinachotembea ni utitiri. Kisichotembea ni vumbi au mzoga.

Udhaifu wake ni mayai, haiyamalizi. Kwenye joto la nyuzi 30 hivi, utitiri hutoka kwenye yai hadi kuanza kutaga kwa takriban wiki moja tu, kwa hiyo anayepiga mara moja akaweka bomba chini anawapisha wanaoanguliwa. Ndani ya wiki hiyo mimi hufuatisha heksithiazoksi, dawa nyingine ya utitiri ambayo kazi yake ni kuua mayai na watoto. Wakubwa haiwaui, kwa hiyo ukianza nayo shamba likiwa limeshatanda utando wa utitiri utailaumu bure. Kupishana huku kunapunguza na usugu, maana viumbe wanaozaana kasi namna hii huzoea dawa moja upesi.

Nozeli ielekee juu, ilowanishe tumbo la jani, ndiko wanakoishi. Abamektini hupenya ndani ya jani ilikoangukia lakini haisambai mmea mzima, na chipukizi litakalotoka kesho halina kinga.

Nisichokubaliana nacho ni ushauri wa kuwapiga kwa sipamethrini au imidaklopridi, eti "dawa ya wadudu ni dawa ya wadudu". Utitiri ana miguu 8, ni ndugu wa buibui na kupe. Dawa hizo mara nyingi humwacha yeye na kuua wadudu rafiki waliokuwa wakimla, na baada ya hapo utitiri hufumuka kuliko mwanzo.

Naipa nyota 4 kati ya 5. Moja nimeikata kwa sababu ni sumu kali kwa nyuki, kwa hiyo napiga jioni wakisharudi mzingani. Halafu kuna zile siku za kusubiri kabla ya kuvuna zilizoandikwa kwenye lebo: kwa biringanya linaloiva kila uchao, ni usumbufu kwelikweli.