Mluzi kwenye mziki wa gari: uzoefu wangu na fundi wa Nyakato anayepima kwanza

Wakuu habari zenu. Naandika hii kwa wenye amplifaya kwenye gari hapa Mwanza, maana hili tatizo la mluzi linawala watu hela nyingi bila sababu.

Gari ni IST, amplifaya ya chaneli nne ipo kwenye buti, chaneli mbili zimeunganishwa kwenye sabufa na mbili zinaendesha spika za milango ya mbele. Toka imefungwa kulikuwa na mluzi kwenye tuita, zile spika ndogo za sauti za juu, gari ikiwa sailensa unausikia kwa mbali, ukikanyaga mafuta unapanda na injini, sasa ile kupandisha kwenda Bugando na gia ndogo ndo usiseme, unazima redio mwenyewe. Sabufa haikuwa na shida maana imekatwa sauti za juu, kwa hiyo ukisikiliza ukiwa nyuma unaweza kudhani gari ni nzima.

Duka lililofunga walinishauri aisoleta, kile kiboksi kinachokaa katikati ya waya za RCA, zile zinazopeleka sauti kutoka redio kwenda amplifaya, elfu 25. Mluzi ulipungua kweli ila bezi ikawa nyembamba kama ya redio ya mkulima. Ndani ya zile boksi za bei ya chini kuna transfoma ndogo sana na hazina uwezo wa kupitisha sauti za chini vizuri, na kilichosababisha mluzi kinabaki palepale. Nilipowarudishia wakaweka testa kwenye ohmu, yaani kupima ukinzani, wakagusa ethi (waya wa amplifaya unaorudisha umeme kwenye bodi) na bodi, ikasoma karibu na sifuri, wakasema si unaona ethi iko poa kaka, labda amplifaya yako ni feki.

Jamaa yangu wa Buzuruga ndo akanipeleka kwa huyu fundi wa Nyakato. Kilichonifurahisha hakugusa spana kwanza. Alichomoa RCA kwenye amplifaya akachomeka jeki zake mbili ambazo ameziunganisha pini na ganda lake, akaniambia bonyeza mafuta. Kimyaa. Akasema amplifaya na waya za spika ni nzima, uchafu unaingia kwa njia ya RCA. Akachomeka simu yake moja kwa moja kwenye amplifaya, simu haipo kwenye chaji, mziki ukapiga msafi. Kwa hiyo zikabaki redio, waya zenyewe, au ethi ya redio na ya amplifaya kutokuwa sawa.

Hapo ndo akaleta testa, lakini akaiweka kwenye volti za DC. Ncha moja kwenye ethi ya amplifaya, nyingine kwa waya mrefu mpaka nega ya betri mbele, RCA zimerudishwa, gari inawaka, mziki juu. Namba zilikuwa zinaruka na kila bezi, bezi ikipiga inafika 0.6, ikiachia inashuka. Akanielewesha kwamba kipimo cha ohmu kinapitisha umeme mdogo sana, kwa hiyo hata uzi mmoja wa waya ukigusa kitasoma vizuri, ila amplifaya inavuta ampia nyingi na hapo ndo ubovu unajitokeza. Ethi ya buti ikishindwa kazi umeme unatafuta njia nyingine ya kurudi, unapita kwenye ganda la RCA mpaka ethi ya redio, na uchafu wa altaneta, ile inayochaji betri, unaingia humo humo kwenye mziki.

Alipofungua ethi ya zamani nikaona mwenyewe: walibana kwenye bolti ya siti ya nyuma, chini ya kichwa cha waya kuna duara la rangi ya gari haijakwanguliwa hata kidogo, na waya wenyewe mrefu umezungushwa zungushwa chini ya kapeti. Bolti za siti na za mkanda tuziache jamani, zinashika uhai wa mtu.

Akachagua sehemu ya sakafu ya buti, akachungulia chini kwanza kama hakuna tenki wala bomba la breki, akatoboa, akakwangua kwa msasa mpaka bati likawa jeupe, bolti na nati na washa ya meno, waya unene uleule wa ule wa moto na urefu haufiki nusu mita, juu akapaka grisi. Hii ya grisi wanaobeba samaki kutoka Mwaloni wasiidharau, maji ya barafu yakishuka kwenye buti hiyo ethi inaota kutu haraka sana. RCA akazihamishia upande wa kulia kwa sababu waya wa moto umepita kushoto, na kabla ya kuzichomeka alichomoa nega ya betri, kuna redio ukichomeka RCA umeme ukiwepo zinaunguza ethi yao ya ndani na mluzi unazaliwa upya.

Kupima tena: 0.03, na namba imetulia. Aisoleta ikatolewa, bezi ikarudi. Akamalizia na altaneta, testa kwenye volti za AC pale kwenye betri, akasema ikizidi nusu volti ujue dayodi za altaneta, zinazogeuza umeme wake kuwa DC, zimeanza kuchoka, yangu ilikuwa chini sana.

Kazi yote elfu 40 pamoja na waya na bolti. Nimeshaenda nayo Sengerema kwa daraja jipya la Kigongo–Busisi, vioo vimefungwa, sauti ndogo, tuita zimetulia kabisa. Mimi nampa tisa kwa kumi, moja nimeikata kwa sababu foleni yake ni ndefu na hapokei simu akiwa kazini, nenda asubuhi.

Na kama mluzi wako unakuja pale tu unapochaji simu kwenye kiberiti cha gari huku waya wa aux umechomekwa, hiyo haihitaji fundi, chomoa chaja au tumia bluetooth.