Uzoefu wangu na tela la boti la kilo 1,700, baada ya kukosea na la kilo 1,100

Nimelitumia tela hili la ekseli moja kwa miaka miwili sasa, nikibebea boti ya faiba yenye urefu wa mita tano na nusu na injini moja ya nje, na naona nimekaa nalo muda wa kutosha kulisemea. Kabla yake nilikuwa na tela dogo la kilo 1,100, ambalo muuzaji alinihakikishia kwamba lingeibeba boti yangu bila shida. Sehemu kubwa ya maelezo yangu itahusu namna nilivyofika kwenye namba ya 1,700, kwa sababu ubora wa chuma, taa na winchi haumfai kitu mtu aliyekosea uzito tangu mwanzo.

Kosa langu lilianzia kwenye kipeperushi cha boti, kilichosema kwamba uzito wake ni kilo 620. Nilitazama kibati cha tela, nikasoma 1,100, nikatoa 620 na kuridhika kwamba nimebakiwa na kilo 480 za akiba. Namba iliyogongwa kwenye kibati hicho, kumbe, ni uzito wote ambao tela linaruhusiwa kufikia, yaani mzigo pamoja na tela lenyewe. Tela lile likiwa tupu lilikuwa na kilo 290, kwa hiyo mzigo wake halali ulikuwa kilo 810 tu. Zaidi ya hapo, zile kilo 620 za kipeperushi zilikuwa uzito wa boti tupu kama ilivyotoka kiwandani, kabla ya kufungwa injini, kutiwa mafuta, na kupakiwa hata kamba moja.

Niliyajua hayo kwa njia mbaya. Katika safari ya tatu gari lilianza kuyumba upande wa nyuma kila nilipofika mwendo wa kilometa 80 kwa saa, nikaegesha kando na kushuka kuangalia. Chini ya madigadi ya kushoto palikuwa na mistari myeusi ya mpira, ishara kwamba springi zilikuwa zimelala kiasi cha kuliacha tairi likwanguliwe kila tulipopita kwenye tuta. Nilipopeleka mgongo wa kiganja karibu na kitovu cha gurudumu, nililihisi joto kabla sijakigusa, na ubavuni mwa tairi palikuwa pametokeza uvimbe wa ukubwa wa nusu yai. Matairi yale yalikuwa na fahirisi ya mzigo ya 88, ambayo maana yake ni kilo 560 kwa kila moja likiwa na upepo unaotakiwa. Kwa pamoja yalimudu kilo 1,120, na mimi nilikuwa nimekwisha kuzipita. Nilirudi nyumbani polepole sana, na boti haikutoka tena hadi nilipoupata ukweli wa uzito wake.

Ukweli huo niliupata kwenye mizani ya magari. Nililitenganisha tela na gari, nikaliacha peke yake juu ya mizani, gurudumu lake dogo la mbele nalo likiwa limekanyaga, ili uzito wowote usibebwe na gari. Mizani ilisoma kilo 1,320. Nilikaa na kalamu kujua zimetoka wapi: boti 620, injini 165, lita 90 za petroli ambazo ni kama kilo 67, betri mbili kilo 44, nanga na mnyororo wake 18, makoti ya kuokolea, makasia, kamba, turubai na kisanduku cha vifaa jumla 60, na sanduku la barafu pamoja na maji ya kunywa 40. Hizo ni kilo 1,014, na ukiongeza 290 za tela unapata 1,304. Zilizobaki 16 zilinisumbua hadi nilipofungua kizibo cha chini ya boti na maji yakatiririka kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Lita moja ya maji ni kilo moja, na yale yalikuwa yamesafiri nami siku zote bila mimi kujua.

Nilipokwenda kununua tela jipya, kwa hiyo, nilikuwa na namba yangu mwenyewe mkononi: mzigo wa kilo 1,014 ukiwa umejaa kila kitu. Niliamua kwamba tela na mzigo wake visizidi asilimia 85 ya uzito ulioandikwa kwenye kibati, kwa kuwa barabara mbaya, breki za ghafla na kona huvibana vyuma kuliko mizani inavyoonyesha, na kwa kuwa boti huongezeka uzito kadiri inavyokaa na mwenyewe. Tela hili tupu lina kilo 400. Kwa pamoja tunafika 1,414, ambazo ni asilimia 83 ya 1,700. Kabla ya kulipa nilichuchumaa nikasoma matairi: fahirisi 104, kilo 900 kila moja. Nikasoma pia maandishi ya kiungo cha kuvutia, kwa sababu tela lina nguvu za kipande chake kilicho dhaifu kuliko vyote, na ekseli nzuri haiwezi kufidia kiungo kilichotengenezwa kwa mzigo mdogo.

Hapo dukani nilishawishiwa nichukue la ekseli mbili la kilo 2,700, kwa hoja kwamba uwezo mkubwa haujawahi kumdhuru mtu. Sikubaliani na hoja hiyo hata kidogo. Springi za tela la kilo 2,700 zimekazwa kwa ajili ya mzigo mzito. Ukiziwekea boti nyepesi hazilali, tela linarukaruka, na kila kishindo cha barabara kinapanda moja kwa moja hadi kwenye sakafu ya boti pale inapokalia mihimili. Faiba hupasuka nyufa nyembamba kwa mtindo huo, nyufa ambazo huzioni hadi maji yaanze kuingia. Isitoshe, tela lile tupu lilikuwa na kilo 600, na gari langu linaruhusiwa kuvuta kilo 2,000 kwa tela lenye breki na 750 tu kwa lisilo nazo. Kila kilo ya chuma cha ziada inatoka kwenye hesabu hiyo ya gari, pamoja na kwenye mafuta na breki zake.

Breki ndizo zilizonifurahisha zaidi. Katika nchi nyingi za Ulaya, na Australia pia, tela linalozidi kilo 750 lazima liwe na breki zake. Nadhani ni busara kulifuata hilo hata pale sheria inapokuwa na mpaka wa juu zaidi. Za tela hili hufanya kazi kwa msukumo: gari linapopunguza mwendo, tela husukuma kiungo cha mbele, na msukumo huo ndio unaovuta breki. Tofauti niliihisi kwenye mteremko wa kwanza tu, ambapo la zamani lilikuwa likinisukuma mgongoni na hili likatulia. Kasoro yake ni kwamba breki hizi hazipendi maji ya chumvi. Nisipozisuuza kwa maji yasiyo na chumvi siku hiyohiyo, na kuziacha zikauke bila kufunga breki ya mkono, hushika kutu na kugoma kuachia. Mtengenezaji angeweka bomba la kusuuzia kwenye vitovu, angetupunguzia kazi kubwa, na kwa kuwa alijua ni tela la boti sioni kwa nini hakufanya hivyo.

Uzito ukishakuwa sawa, bado kuna suala la namna unavyokaa. Tela lilipofika, niliipandisha boti pale ilipokuwa imefungwa kiwandani nguzo ya winchi, ile ya mbele inayoizuia boti isisogee zaidi, na mzani mdogo niliouweka chini ya kiungo ukasoma kilo 60, ambazo hazifiki hata asilimia tano ya uzito wote. Tela lenye pua, yaani sehemu ya mbele inayokalia gari, nyepesi kiasi hicho huanza kuyumba kama mkia kadiri mwendo unavyopanda, na sehemu ya mtikisiko wa tela langu la kwanza bila shaka ilitokana na hilo. Niliisogeza nguzo hiyo mbele kwa sentimita 15, pua ikawa na kilo 96, karibu asilimia saba, na bado ndani ya kilo 100 ambazo boli ya gari langu, ile tufe ya chuma ya kufungia tela, inaruhusu. Kwa tela la boti, asilimia tano hadi kumi inatosha. Tangu siku hiyo halijayumba hata malori makubwa yanapotupita.

Beringi za magurudumu nazifungua kila mwaka. Mwaka wa kwanza nilikuta grisi ya upande wa kulia imegeuka nyeupe kama maziwa, dalili ya kuingiwa na maji, na kosa lilikuwa langu: nilikuwa nikifika ufukweni na kulitumbukiza tela moja kwa moja. Kitovu chenye joto kikizama ghafla kwenye maji baridi, hewa ya ndani husinyaa na kuyavuta maji kupitia kwenye sili, yaani mpira unaozuia maji kuingia. Sasa nasubiri karibu nusu saa, nafungua mikanda na kupanga kamba wakati magurudumu yanapoa, na grisi ya mwaka huu ilitoka safi.

Yapo mengine ambayo sikuyapenda. Tela hili ni zito kulisukuma kwa mkono, na gurudumu lake la mbele ni jembamba mno kiasi kwamba huzama kwenye mchanga. Nimeagiza lenye mpira mpana. Soketi ya taa ilianza kushika kutu ndani ya miezi minne. Kwa chuma chake, ambacho kimezamishwa chote kwenye zinki na kufunikwa ndani na nje, sina lalamiko.

Ningelinunua tena kwa boti hii hii. Kwa yule ambaye boti yake ikiwa imejaa inapita kilo 1,050 hivi, nisingelipendekeza, kwani akiba niliyoieleza itakuwa imekwisha, na angetafuta la kilo 2,000. Wiki iliyopita nilisimama baada ya mwendo wa saa mbili, nikaweka mgongo wa kiganja kwenye kitovu cha kushoto kama ninavyofanya kila safari, na kilikuwa cha uvuguvugu tu.