"Master" na "slave" katika programu: kuyabadilisha au kuyaacha?

Kwa vijana wanaoandika programu hapa Malindi, mji ambao mashamba yake ya karne ya 19 yalilimwa na watumwa hadi utumwa ukafutwa kisheria mwaka 1907, mjadala huu kuhusu "master" (bwana), yaani hifadhidata kuu, na "slave" (mtumwa), yaani ile inayoinakili, si wa Wamarekani peke yao.

Kwa gharama ya leo, kuyaacha majina ya zamani kuna nafuu, kwani hakuna cha kurekebisha wala kujaribu upya. Nafuu hiyo, hata hivyo, inazidi kupungua. MySQL, programu ya hifadhidata, ilileta amri ya START REPLICA, ya kuanzisha unakili, badala ya START SLAVE katika toleo la 8.0.22, mwaka 2020, na toleo la 8.4 la mwaka 2024 likaiondoa kabisa START SLAVE, kwa hiyo skripti ya zamani ikiendeshwa humo hurudisha kosa. Redis 5, programu nyingine ya hifadhidata, ilikuwa na busara zaidi: ilileta "replicaof" huku ikiendelea kuikubali "slaveof".

Kwa uwazi, majina mapya yanashinda bila shaka, maana "replica" hueleza kazi yenyewe, yaani kunakili data. Wapo wasemao kwamba hayamfidii mtu yeyote, na ni kweli, lakini mwanafunzi ambaye nyanya wa babu yake aliuzwa hapaswi kulisoma neno "slave" kila siku kazini.

Mwenye mfumo mkongwe usiotarajiwa kusasishwa karibuni anaweza kusubiri, ilmradi aziorodheshe amri zitakazokufa. Anayeanza mradi mpya, au anayefundisha, atumie majina mapya tangu mstari wa kwanza.