Redio ya masafa mafupi: ipi ununue, ipi uiache dukani

Ukifika Kariakoo, Dar, au Luthuli, Nairobi, ukaulizia redio ya masafa mafupi, muuzaji hakuulizi unataka kusikiliza nini. Anauliza, "Ya bendi ngapi, bosi?" Mimi mara ya kwanza nilijibu kama mtu anayenunua mayai: kumi na mbili. Redio ikafungwa kwenye boksi, nikaenda nayo nyumbani Kigoma. Usiku ule nikawa nauzungusha mshale polepole, nikaikuta Zanzibar kwenye mita 25, taarabu inalia safi. Nikauteremsha mshale kidogo: Zanzibar tena. Nikadhani wameongeza mtambo.

Mtambo ulikuwa ule ule, redio ndiyo iliyokuwa ikiona mara mbili. Redio nyingi za mshale za bei ndogo hunasa kituo chenye nguvu mahali pake, kisha zikakirudia kHz 910 chini yake (kHz, kilohezi, ndiyo namba ya kituo). Zanzibar ilikuwa 11735 kHz, na pacha wake wa uongo akakaa 10825. Ndani ya redio, kila wimbi linaloingia huchanganywa na wimbi linalotengenezwa na redio yenyewe, ili litoke likiwa 455 kHz. Kituo kilicho 455 chini ya wimbi hilo kinatoa jibu hilo, na kilicho 455 juu yake kinatoa jibu lile lile. Redio nzuri ina kichujio cha kumzuia wa pili mlangoni. Yangu ilikuwa inawakaribisha wote.

Tangu siku hiyo sihesabu bendi, na wewe usihesabu. Masafa mafupi ni kama barabara moja ndefu kutoka kHz elfu mbili hivi mpaka elfu thelathini, na vituo vimejikusanya kwenye vijiji: mita 49 (kHz 5900 hadi 6200), mita 41, mita 31 (9400 hadi 9900), mita 25 (11600 hadi 12100), mita 19, mita 16. Viwanda huikata barabara hiyo vipande, kila kipande kikaitwa bendi. Redio ya namba, ile inayoonyesha kituo kwa tarakimu badala ya mshale, ikipita barabara yote bila kukatwa huandikwa "SW" mara moja tu, ikahesabiwa bendi moja. Ndiyo maana redio yenye bendi nne inaweza kunasa kuliko ile ya bendi ishirini na moja iliyo pembeni yake rafuni.

Kabla hujatoa hela, jiulize utasikiliza nini. Kama shida yako ni taarifa ya habari ya BBC au DW kwa Kiswahili, kaa na FM yako, maana matangazo hayo yanarushwa na vituo washirika mijini, na kwenye simu yapo. Masafa mafupi si yale tuliyolelewa nayo. Idhaa ya Kiswahili ya BBC ilianza 1957, ya China 1961, ya Ujerumani 1963, na kulikuwa na jioni ambazo mzee angeweza kuzizunguka zote kabla ya chakula kuiva. Vituo vimepungua mwaka hadi mwaka. Machi 2025 hata Sauti ya Amerika ikanyamaza. Ila hewa haijawa tupu. China bado ina sauti nzito, Vatikani wapo, wahubiri wa kila aina wapo, Wahindi na Waarabu wapo na muziki wao, na usiku mtu akiwa na subira hukutana na vitu ambavyo hakuna programu ya simu itakayompendekezea. Kwa aliye shambani au ziwani ambako mtandao unakatika, redio hii haiombi bando.

Sasa mpangilio wangu, kuanzia ninayoipendekeza zaidi.

Ya kwanza ni Tecsun PL-330. Ilitoka 2020, ni ndogo, inaingia mfuko wa koti. Inapita kHz 1711 hadi 29999 bila kuruka, unaandika namba ya kituo kwa vidole kama unavyopiga simu, na inafika hapo hapo. Nitakuambia kilichonifanya niipandishe juu ya nyingine: betri yake ni BL-5C, ile ile ya Nokia 1100. Hakuna kituo cha mabasi Afrika Mashariki ambacho kibanda cha simu hakina betri hiyo. Redio ya bei kubwa ambayo betri yake inaagizwa ng'ambo ni pambo la kabati baada ya miaka miwili. Angalia tu usiuziwe BL-5C feki iliyo nyepesi kama biskuti, inayovimba baada ya mwezi.

Ina kitufe cha ETM ambacho wengi hawakigusi. Ukikishikilia, redio inapita vijiji vyote yenyewe na kuhifadhi vituo inavyovikuta kulingana na saa ya wakati huo. Ukifanya hivyo saa moja jioni, kesho saa moja jioni inakurudishia orodha ya saa hiyo, si ya asubuhi. Kwa masafa mafupi, ambako kituo cha alfajiri hakipo mchana, huo ni msaada mkubwa. Ubaya wake ni spika: ndogo, sauti ya puani. Nikikaa peke yangu natumia spika za masikioni. Ikiagizwa huwa inauzwa kati ya dola 70 na 90, na dukani wataongeza chao.

Ya pili, XHDATA D-808. Masafa ni yale yale, lakini ni kubwa zaidi na ina kitu ambacho PL-330 haina: bendi ya ndege. Ukikaa karibu na uwanja wa ndege utawasikia marubani wakizungumza na mnara. Mwanangu ana miaka tisa, na kwa sababu hiyo moja anaiona hii ndiyo redio, ile nyingine ni simu iliyoharibika. Betri yake ni 18650, ile mviringo ya tochi za kuchaji. Inapatikana, lakini zile zilizotolewa kwenye betri za kompyuta mbovu hazidumu. Bei zinakaribiana. Kama redio itakaa mezani zaidi kuliko mfukoni, geuza mpangilio wangu, hii iwe ya kwanza.

Zote mbili zina SSB. Hiyo ni ya kusikiliza watu wa redio za ridhaa, wale wanaoongea wao kwa wao kutoka nchi mbalimbali. Bila SSB wanasikika kama bata. Vituo vya matangazo havihitaji SSB. Kama hutaki maongezi ya bata, usikubali kuongezewa bei kwa ajili yake. Vivyo hivyo LW, masafa marefu: kwetu hakuna cha kusikia huko, ni ya Wazungu.

Ya tatu ni ya mshale, na naiweka hapa kwa ajili ya mtu mmoja maalumu: mzee. Tecsun R-9012, bendi 12, haina namba za kuandika wala menyu. Unawasha, unasukuma swichi ya bendi, unazungusha. Baba yangu mdogo nilimpelekea redio ya namba, akaniambia kwa heshima zote, "Mwanangu, hii ni ya wasomi." Nikambadilishia. Inapatikana kwa dola 20 na kidogo, na inavumilia betri za kawaida. Itakupa mapacha wa uongo niliowaeleza na kituo kitahama kidogo redio ikipata joto, lakini mzee huurekebisha mshale kwa kidole bila hata kufumbua macho.

Baada ya hapo ni za mitumba. Sony ICF-SW7600GR haitengenezwi tena, lakini ukiikuta kwa mtu aliyeitunza, inunue. Fungua kwanza kifuniko cha betri. Ukiona unga wa kijani au mweupe kwenye vyuma, betri ziliachwa ndani zikavuja. Anza kushusha bei au ondoka. Tecsun PL-660 pia naipenda, inatumia betri nne ndogo za AA. Mitumba ina mtego mwingine: redio iliyotoka Marekani huwa imepangwa kuruka kHz 10 kwenye masafa ya kati, wakati vituo vyetu vimepangwa kwa 9. Redio nyingi za namba zina namna ya kubadilisha. Mwambie muuzaji akuonyeshe hapo hapo.

Ya mwisho, na ningependa isiwe kwenye orodha kabisa: redio za memori kadi zenye tochi, paneli ya sola ya ukubwa wa kiberiti, na maandishi ya dhahabu yanayosema bendi kadhaa za dunia. Kama unataka nyimbo za kwenye kadi na taa ya kwenda chooni, ni nzuri. Masafa mafupi humo yapo kwa jina.

Ukienda kununua, usijaribu redio ndani ya duka. Dukani kuna taa za LED na televisheni zinazowaka tangu asubuhi, na vyote vinapiga kelele kwenye masafa mafupi. Hata redio nzuri itakoroma. Nenda na betri zako mpya, toka barazani, vuta antena yote. Kama ni mchana usihangaike na mita 49, hutapata kitu. Jaribu mita 19 na 16. Ukienda jioni kuanzia saa kumi na mbili, shuka mita 31 na 41. Kanuni yenyewe ni hiyo: jua likiwa juu panda namba za kHz (mita zipungue), giza likiingia shuka (mita ziongezeke). Tabaka la anga linalorudisha mawimbi duniani hubadilika na jua, na namba za chini za kHz humezwa mchana. Kisha shika antena kwenye mzizi wake, itikise taratibu. Ikikwaruza spikani, kiungo kimelegea, na fundi atakula hela yako mapema.

Kufunga waya ni kazi ya dakika kumi na faida yake inazidi kununua redio ya pili. Mita saba za waya mwembamba, hata ule wa spika, menya ncha, izungushie kwenye antena, ncha nyingine itupe juu ya mwembe. Usizidishe. Redio ndogo ikipewa waya wa mita thelathini inazidiwa, vituo vinapandana kama abiria wa daladala. Na mawingu ya radi yakikusanyika, ng'oa waya huo kabla ya kufikiria kitu kingine.

Ratiba za vituo huandikwa kwa saa za UTC, yaani saa ya kimataifa, na hubadilika mara mbili kwa mwaka, Jumapili ya mwisho ya Machi na ya Oktoba. Orodha ya EiBi ipo mtandaoni bure. Wengi wanakwamia kwenye saa. Kwa anayehesabu saa za Kiswahili, wa Tanzania, Kenya na Uganda, toa tatu. Ikizidi kumi na mbili, toa kumi na mbili tena. UTC 1800: toa tatu, kumi na tano, toa kumi na mbili, saa tatu usiku. UTC 0400 ni saa moja asubuhi. Aliyeko Bujumbura, Kigali au Goma yuko saa moja nyuma yetu, kwa hiyo atoe nne.

Sasa kelele, maana hata nyumbani zipo. Nilikuwa nailaumu PL-330 kwa wiki nzima, ngurumo ya vvvvv kutoka mita 49 mpaka 31, kila siku kuanzia magharibi. Nilishaanza kuandika malalamiko kwa aliyeniuzia. Jioni moja umeme ukakatika mtaa mzima, na redio, ikiwa kwenye betri yake, ikawa kimya kama msikiti saa nne asubuhi. Kituo cha Kichina kikatokea humo kama mtu aliyekuwa nyuma ya pazia. Umeme uliporudi nikazima swichi kuu, nikawa nawasha kimoja kimoja. Friji, safi. Chaja ya simu, kelele kidogo. Taa ya koridoni, ile ya LED niliyoinunua kwa bei ya kutupa: vvvvv. Mke wangu alinikuta nimesimama juu ya stuli gizani, redio sikioni, naizungusha balbu nusu mzunguko mbele, nusu mzunguko nyuma. Balbu hiyo sasa iko chooni, na saa ya habari ikifika hakuna anayeruhusiwa kwenda huko bila tochi.