Uzoefu wangu: kutolewa tezi ya adrenali kupitia tundu moja mgongoni

Kwa wenzangu mlioambiwa mna uvimbe kwenye tezi ya adrenali (tezi ndogo iliyo juu ya kila figo) na mnajiuliza kama mkubali operesheni ya tundu moja: mimi nimefanyiwa hapa Ujerumani, upande wa kushoto, na nimeridhika sana. Ila ukubwa wa kovu ni jambo dogo. Vipimo vilivyotangulia ndivyo vilivyoniokoa.

Presha yangu ilikuwa haishuki hata kwa dawa tatu. Kila nikipima damu potasiamu iko chini, usiku misuli ya miguu inakaza, na choo kidogo hakinipi usingizi. Miaka mingi niliambiwa ni presha ya ukoo. Hatimaye daktari wa homoni akaagiza nipimwe aldosteroni na renini, kemikali mbili za mwili zinazohusika na chumvi na presha. Aldosteroni juu, renini chini kabisa: ugonjwa wa Conn, wenye jina la Jerome Conn, daktari Mmarekani aliyeueleza mwaka 1955. Tezi inamwaga aldosteroni ovyo, nazo figo zinashikilia chumvi na kutupa potasiamu.

Picha ya CT ilionyesha kivimbe kushoto. Haitoshi! Kivimbe kinaweza kuwa kimelala tu, hakimwagi homoni, na tezi yenye kosa ikawa ile nyingine, au zote mbili. Kwa hiyo madaktari walipitisha mrija mwembamba kinenani hadi kwenye vena za tezi zote mbili, wakachota damu kila upande ili walinganishe aldosteroni. Vena ya kulia ni fupi na ndiyo inayowatoa jasho. Nilikuwa macho, nimepigwa ganzi ya kinena tu. Nilivumilia, na ningeambiwa nirudie ningerudia, kwa sababu tezi ikishatolewa hairudishwi.

Kutoa tezi hii kwa kamera kulielezwa mwaka 1992 na Michel Gagner wa Kanada. Njia ya mgongoni imeenezwa sana na Martin Walz wa Essen, ambaye baadaye aliipunguza hadi tundu moja. Unapewa nusu kaputi, unalazwa kifudifudi, kisha unachanwa kidogo chini ya ubavu wa mwisho. Matumbo hayaguswi. Mpasuaji alinieleza wazi kwamba vifaa vikipita tundu moja vinabanana, kazi huchukua muda zaidi, na damu ikimzidi ataongeza tundu au kupasua kwa kawaida. Uvimbe mkubwa au unaoshukiwa kuwa saratani hauifai njia hii. Matundu matatu nayo ni operesheni nzuri, usiikatae.

Jioni ileile nilikula na kutembea. Vidonge vya potasiamu vilisimamishwa, ila damu iliendelea kupimwa kwa sababu baada ya hapo potasiamu inaweza kupanda. Tezi iliyobaki inafanya kazi ya zote mbili. Presha haikuisha, imebaki ya kidonge kimoja, na kwangu hiyo ni neema kubwa. Kero yangu ni kwamba hakuna aliyenitahadharisha kuhusu ganzi ya ngozi ubavuni. Inapungua polepole, lakini mwanzoni ilinitisha.

Kabla hujasaini, mwulize mpasuaji anatoa tezi ngapi kwa mwaka, na ni mara ngapi amelazimika kuongeza tundu. Wangu alinijibu kwa takwimu zake mwenyewe bila kusita, nami nikachukua kalamu.