Uzoefu wangu na homoni ya kupulizia karanga za mvua, huku Magu

Mwangaluka wadau. Kuna watu wamekuwa wakiniuliza kuhusu ile dawa ya kufanya maua ya karanga yasipukutike, kama inafanya kazi kweli au ni biashara tu ya maduka ya pembejeo, sasa naandika hapa mara moja nilichokiona shambani kwangu upande wa Magu mkoani Mwanza, ardhi ya luseni, yaani ya kichanga, umwagiliaji hakuna, tunategemea mvua ya Mungu tu.

Kiukweli inafanya kazi, ila palipo na unyevu. Pakavu hela yako imeenda.

Niliyotumia mimi ni NAA, nguvu yake asilimia 4.5, homoni ya kundi la oksini, yaani homoni za ukuaji wa mimea. Sio mbolea jamani. Hapa ndo wengi wanapopigwa, unaingia dukani unasema nataka homoni unapewa busta, ukigeuza chupa unakuta naitrojeni, fosforasi, potashi na zinki kidogo, hiyo ni mbolea ya majani, ina kazi yake nzuri tu ila sio hii tunayoongelea. Duka moja mjini walishikilia kabisa kwamba ni kitu kilekile, nikaondoka. Soma kiambato amilifu, angalia na namba ya usajili ya TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, maana ndo wanaosajili viuatilifu nchini, usipoiona rudisha chupa.

Sasa kwa nini karanga. Mche wa karanga unatoa maua mengi kuliko karanga utakazokuja kuvuna. Ua linafunguka alfajiri, linajichavusha lenyewe, mchana limeshanyauka, halafu ndani ya wiki hivi kanatoka kale kamche kembamba kama sindano, kanashuka kuzama udongoni na ncha yake ndo inakuwa ganda la karanga. Huku kwetu ukipanda na mvua za mwezi wa kumi na moja maua yanaangukia mwisho wa Desemba na Januari, mda uleule mvua inapoanza kukatakata, mche ukisikia kiu unapunguza mzigo, maua mengi yanaishia hapo. Homoni inausaidia mche ushikilie maua zaidi. Lakini haileti mvua, na tuta likishakauka juu likawa gumu ile sindano haipenyi hata upulizie nini.

Kipimo nitaeleza maana hapa watu wanamwaga kwa kizibo. Asilimia 4.5 maana yake kila mililita moja ina kama miligramu 45 za homoni yenyewe. Nilitaka miligramu 20 kwa kila lita ya maji, kwa hiyo bomba la lita 15 linataka miligramu 300, ambayo ni mililita 6 na nusu mpaka 7 hivi. Nunua sirinji famasi, usikadirie kwa jicho. Na chupa yako ikiwa na nguvu tofauti usichukue namba zangu, fuata lebo yake. Nilipulizia maua yalipoanza kuonekana, kwa mbegu ya Pendo ni kama wiki ya nne tangu kupanda, nikarudia baada ya wiki mbili, jioni jua limepoa na anga haina dalili ya mvua. Maji ya lambo chuja kwanza kwa kitambaa, tope linaziba nozeli.

Matuta kadhaa niliyaacha bila kupulizia ili nione tofauti, hili namshauri kila mtu hata kama unaiamini dawa, bila hivyo utasifia dawa kumbe ni mvua ilikuwa nzuri. Upande wa chini karibu na mbuga, yaani bondeni, ambako unyevu unakaa, matuta yaliyopuliziwa yalitoa karibu debe zima zaidi ya yale ya kuachwa, idadi ya matuta ileile. Kwa bei ya chupa hiyo ni faida nzuri tu. Upande wa juu kwenye mchanga mtupu sikuona tofauti yoyote, mama watoto ndo alikuwa anang'oa huko akaniuliza umepulizia yapi sasa, nikamwonyesha, tukahesabu mche kwa mche, sawasawa.

Halafu kuna mapepe, yaani maganda yasiyo na karanga ndani. Nilitegemea yapungue, hayakupungua. Karanga inachukua kalsiamu moja kwa moja kupitia lile ganda lililoko ardhini, haisubiri mizizi iilete, kwa hiyo udongo wa kichanga usio na kalsiamu utakupa maganda makubwa ya kupendeza ndani hewa tupu. Dawa yake ni jasi (gypsum), ambayo ina kalsiamu, unaiweka kwenye mstari maua yanapoanza. Ukipulizia homoni ukapata maganda mengi bila kalsiamu umeongeza tu maganda ya kujaza. Na ugonjwa wa rozeti vilevile, huo ni virusi wanaoletwa na vidukari, homoni haihusiki, panda mapema na usiache nafasi kubwa kati ya miche.

Kitu kimoja nakiomba sana, BOMBA. Ile 2,4-D tunayoulia magugu kwenye mahindi nayo ni oksini, na mazao ya majani mapana inayakunja na kuyaua. Bomba lililobeba 2,4-D usilibebee homoni ya karanga, na kwa sisi tunaopakana na mashamba ya pamba ndo kabisa, pamba haivumilii hata mabaki kidogo, mzee jirani yangu aliwahi kuazima bomba la mtu akapulizia wadudu wa pamba, majani yote yakajikunja membamba, msimu ukaishia hapo. Mimi nina bomba la pembeni, haliazimwi, shemeji zangu walinuna mwanzoni ila sasa wameelewa.

Wa alizeti, sijaitumia huko kwa hiyo siwezi kukusifia. Ila mtu akikwambia homoni itajaza zile mbegu tupu za katikati ya ua, uliza kwanza kuhusu nyuki, maji na boroni.

Nyota naipa nne kwa shamba la chini, la juu moja. Msimu ujao hela ya kwanza naenda kununua jasi, huko juu napanda mtama, na chupa ya NAA nitaifuata maua yakishaonekana na tuta likiwa bado bichi.